Mzizi wa Mukawa na Ini la Mwanadamu

Lugha yetu imelipa ini heshima kubwa. Mtu aliyeumizwa kwa maneno makali husema kuwa maneno hayo yamemkata maini. Hasemi kuwa yamemkata mkono wala mguu, ingawa hivyo ndivyo viungo vinavyoonekana na kila mtu. Wazee walioanza kusema hivyo hawakuwa na hadubini, lakini walifahamu kwamba chini ya mbavu za kuume kimekaa kiungo ambacho kikijeruhiwa, mtu mzima amejeruhiwa. Katika insha hii nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari za kiungo hicho, na habari za mti mmoja wa miiba ambao mizizi yake imepimwa ili ijulikane kama yaweza kukilinda na sumu. Ni habari ya miaka mingi na ya nchi nyingi. Lakini tutaianzia karibu, katika mtaa wa Olympic, jijini Nairobi, nasi tutarudi huko kabla ya kuagana.

Olympic ni mtaa ulio upande wa magharibi wa Kibera. Shule ya msingi yenye jina hilo ilipata sifa katika nchi nzima kwa kufaulu kwa watoto wake, na mwaka 2003, elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo, madarasa yake yalifurika wanafunzi. Upande wa machweo wa mtaa huo uko Msitu wa Ngong, mabaki ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi zamani. Jina la Kibera lenyewe ni ukumbusho wa miti: katika lugha ya Wanubi neno Kibra maana yake ni msitu. Wanubi hao walikuwa askari wenye asili ya Sudani, waliotumika katika jeshi la mfalme wa Uingereza lililoitwa King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari waliostaafu na jamaa zao walipewa makao katika msitu huu, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi.

Makao walipewa, lakini hati za kumiliki ardhi hawakupewa, wala malipo ya uzeeni hayakuwafikia wengi wao. Baadhi ya jamaa wakatafuta riziki katika ufundi waliokuwa nao, yaani kupika pombe kali: huchemsha pombe ya nafaka, hukusanya mvuke wake, na kuupoza uwe majimaji meupe yenye nguvu. Pombe hiyo ya Kibera ilijulikana Nairobi yote katika zama za ukoloni, ingawa sheria ilimkataza Mwafrika kunywa vileo vikali. Vizazi vilivyofuata, vya makabila yote, viliendelea na kazi hiyo, na kinywaji kikaitwa chang'aa. Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria ya kuipiga marufuku kabisa. Mwaka 2010 sheria hiyo ikafutwa, na mahali pake ikaja nyingine iliyotaka kila kileo kipikwe kwa leseni na kipimwe. Sikutajii haya ili uwahukumu watu waliokuwa wakitafuta karo na chakula cha watoto wao. Nayataja kwa sababu historia ya mtaa huu ni historia ya ini pia, na mwanahistoria haachi jambo kwa kuwa linaona haya.

Sasa na tulitazame ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo ni kubwa kuliko viungo vyote vingine vya ndani. Damu inayotoka tumboni na katika matumbo, ikiwa imebeba chakula, dawa, pombe na kila kilichomezwa, haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupitia katika ini kwanza. Lifananishe na ofisa wa forodha bandarini. Kila shehena sharti ifunguliwe mbele yake. Sukari huiweka ghalani, vyakula huvigawa, na vitu vigeni huvigeuza umbo ili mwili uweze kuvitoa kwa mkojo au kwa nyongo. Kazi hiyo ya kugeuza hufanywa na vimeng'enya, navyo ni mafundi wadogo waliomo ndani ya chembe za ini.

Lakini ofisa anayefungua kila shehena ndiye wa kwanza kuungua shehena ikiwa na baruti. Ndivyo lilivyo ini. Iko sumu ambayo haidhuru sana mpaka ini liiguse. Ini, katika kutimiza wajibu wake, huigeuza ikawa kali kuliko ilivyoingia. Pombe ya kawaida hugeuzwa kwanza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni sumu, kabla ya kugeuzwa tena kuwa kitu kisicho na madhara. Mtu akinywa kwa wingi miaka mingi, chembe za ini hujaa mafuta, kisha huvimba, kisha hufa, na mahali pake hushikwa na makovu magumu. Jambo la kutisha ni kwamba ini halilalamiki. Ndani yake halina mishipa ya kusikia maumivu, nalo huendelea na kazi hata baada ya sehemu kubwa kuharibika. Mtu huja kustuka siku macho yake yamegeuka kuwa ya manjano, na tumbo limejaa maji.

Wanasayansi walipotaka kuchunguza jinsi sumu inavyoliharibu ini, walichagua kimiminiko kimoja kiitwacho kaboni tetrakloridi. Historia ya kimiminiko hicho inafaa kukumbukwa. Kilitumiwa kufulia nguo bila maji, na kilitiwa katika vyombo vya kuzimia moto. Mwaka 1921 Maurice Hall, mtaalamu wa Marekani, alitangaza kuwa kinaua minyoo ya safura. Na katika miaka iliyofuata watu wengi sana katika nchi za joto walinyweshwa kama dawa. Minyoo ilikufa kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa nao walikufa, hasa walevi na wenye afya dhaifu, na maini yao yalipotazamwa yalionekana yameharibika. Hatimaye dawa hiyo iliachwa. Kumbuka jambo hili, msomaji: kitu kilichoaminiwa na madaktari wenye shahada kuwa ni dawa kilikuwa sumu, na kipimo ndicho kilichotoa hukumu.

Sababu ya madhara yake ilikuja kujulikana baadaye. Kimeng'enya kimoja cha ini hukivunja kimiminiko hicho na kuzaa vipande vikali visivyotulia, ambavyo hushambulia mafuta ya kuta za chembe, na ukuta mmoja ukivunjika huuvunja wa pili. Nasi tumefahamu pia kwa nini mlevi aliathirika zaidi: unywaji wa muda mrefu hukiongeza kimeng'enya kicho hicho, hata sumu ndogo ikapata mafundi wengi wa kuinoa. Kadhalika parasetamoli, kidonge kinachouzwa katika kila duka la mtaa, ni salama kwa kipimo chake. Lakini ikizidi, njia hiyo hiyo huigeuza kuwa sumu ya ini. Madaktari wa Uingereza walieleza habari hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1966.

Baada ya kuifahamu sumu, na tuujue mti. Ukitembea katika nyanda kavu za Kenya, kando ya misitu na vichaka, utauona mti mfupi wenye miiba mikali inayokaa mara nyingi wawili wawili. Ukivunja tawi lake hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, na harufu yake ni nzuri. Matunda huanza kijani, huwa mekundu, kisha meusi ya zambarau, na watoto wachungaji huyala kwa furaha. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wajaluo huuita ochuoga, Wamaasai huuita olamuriaki, na kwa Kiswahili ni mtandamboo. Mti uliopewa majina na watu wote hao ni mti uliotumiwa na watu wote hao: mizizi yake huchemshwa na kunywewa kwa maumivu na magonjwa mbalimbali, na Wamaasai huitia katika mchuzi wa nyama.

Mtaalamu wa kwanza kuuandika katika vitabu vya sayansi alikuwa Peter Forsskål, kijana wa Sweden aliyesafiri mpaka Uarabuni na kufa kwa homa huko Yemen mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Kwa muda mrefu mti huu wa Afrika uliitwa Carissa edulis, yaani ule unaolika. Leo wataalamu wengi wanauhesabu kuwa ni aina moja na Carissa spinarum wa India. Usidhani kuwa mambo ya majina ni ya bure. Mzizi mkavu sokoni hauna majani wala maua. Asiyeujua mti wake hawezi kujua ameuziwa nini. Kwa hiyo mimea hukaushwa, hubandikwa juu ya karatasi, na kuhifadhiwa kama ushahidi. Hazina kubwa ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 1902 huko Amani, katika milima ya Usambara, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi, ambako ingali ikitunzwa.

Wazee walihifadhi maarifa yao katika kumbukumbu, na kumbukumbu hufa pamoja na mwenyewe. Mwaka 1976 John Kokwaro, mwalimu wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu kilichokusanya habari za mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kila mmoja na majina yake ya kienyeji na matumizi yake. Miaka 3 baadaye, mwaka 1979, iliundwa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, inayojulikana kwa jina la KEMRI, na mwaka 1984 taasisi hiyo ikaweka kituo maalumu cha kuchunguza dawa za asili. Makao yake makuu yako Mbagathi, upande wa mashariki wa Kibera, hata mtu wa Olympic aweza kufika huko kwa miguu. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI na wenzao walichapisha habari kwamba kiini cha dawa kilichotolewa katika mizizi ya mukawa kilizuia virusi vya malengelenge katika maabara na katika panya. Basi mti wa wachungaji ulikuwa umeingia katika mizani.

Na ini je? Mwaka 2010 watafiti wa India walichapisha majaribio waliyofanya kwa mizizi ya Carissa spinarum. Walitaka kujua kama kiini chake huwalinda panya na madhara ya kaboni tetrakloridi na ya parasetamoli. Nakueleza jinsi majaribio ya namna hii yanavyofanywa, maana mengi yamefanyika kwa mimea mingi duniani, na njia yao ni karibu moja. Panya hugawanywa mafungu. Fungu la kwanza halipewi sumu wala dawa. Fungu la pili hupewa sumu peke yake. Mafungu mengine hupewa sumu pamoja na dawa, kidogo au nyingi, na fungu moja hupewa dawa nyingine inayojulikana, ili kulinganisha. Kisha damu hupimwa. Vimeng'enya vinavyopaswa kukaa ndani ya chembe za ini vikionekana kwa wingi katika damu, ni alama kuwa chembe zimepasuka, kama unga unaoonekana njiani unavyokuambia kuwa gunia limetoboka. Mwisho ini lenyewe hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini.

Matokeo ya India yalikuwa ya kutia moyo: panya waliopewa kiini cha mizizi waliharibika maini kidogo kuliko wale waliopewa sumu tu. Mtu mwepesi wa kufurahi angeweza kufunga kitabu hapa, akaenda sokoni Kawangware au Toi kutangaza kuwa mukawa hutibu ini. Lakini wewe usifunge kitabu. Uliza swali moja ambalo wauzaji wa chupa hawalipendi: dawa ilitolewa lini?

Katika majaribio mengi ya namna hii dawa hutangulia. Panya hunyweshwa kiini cha mti kwa siku kadhaa, na sumu huja ilhali mlinzi yuko langoni. Au huja pamoja naye. Kwa hiyo jambo linalothibitishwa ni ulinzi, wala si uponyaji. Kuzuia ukuta usibomoke ni kazi moja, na kuujenga ukuta uliokwisha kubomoka ni kazi nyingine. Mtu wa mtaani huyafanya kinyume: hutanguliza sumu miaka 15, na siku macho yanapogeuka rangi ndipo atafutapo mzizi. Anatarajia kwa mti jambo ambalo hata panya wa maabara hawakupewa. Zaidi ya hayo, panya si mtu. Kipimo chake hupimwa kwa uzito wa mwili wake, na dawa yake hutengenezwa kwa namna ileile kila siku. Chupa ya sokoni haina mambo hayo. Leo mzizi ni mnene, kesho ni mwembamba; leo umechemshwa saa moja, kesho saa 3; na pengine ndani yake imo mizizi ya miti 5.

Tena nguvu ya wakati haiko kwa miti tu. Kwa yule aliyezidisha parasetamoli, hospitali ina dawa ya kweli iitwayo asetilisisteini, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1970. Inafanya kazi kwa kurudisha akiba ambayo ini hutumia kuzima sumu. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe, ini karibu kila mara huokoka; kadiri saa zinavyopita, ndivyo matumaini yanavyopungua. Ikiwa dawa iliyothibitishwa kabisa inategemea saa, sembuse mzizi usiopimwa?

Nchi za Ulaya nazo zina mti wao wa ini, nao umepita njia hiyo hiyo. Ni mmea wa miiba wenye majani yenye mabaka meupe, uitwao Silybum marianum, uliosifiwa tangu zama za Wayunani na Warumi. Mwaka 1968 watafiti wa Munich, Ujerumani, walipambanua kiini cha mbegu zake, kikaitwa silimarini. Sehemu yake moja hutiwa mishipani na madaktari kwa watu waliokula uyoga wenye sumu kali ya ini, na huko pia kuwahi ni jambo kubwa. Lakini mwaka 2012 ilichapishwa habari ya majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wagonjwa 154 wenye homa ya ini ya C ya muda mrefu. Wengine walipewa silimarini kwa vipimo vikubwa, wengine vidonge visivyo na kitu, nao hawakujua nani amepewa nini. Mwisho wake silimarini haikushinda vidonge vitupu. Umri wa sifa zake haukumsaidia mmea huo mbele ya mizani. Kumbe si dawa za Afrika peke yake zinazodaiwa ushahidi.

Mukawa wenyewe ulipata siku ya sifa kuu kuliko zote mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alichemsha mizizi ya mti huu, ambao huko huitwa mugariga, akawapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema kuwa ameagizwa na Mungu katika ndoto, na kuwa kikombe hicho huponya ukimwi, saratani, kisukari na maradhi mengine sugu. Watu walimiminika kwa maelfu kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Wagonjwa waliotolewa vitandani walikufa njiani wakingojea zamu yao. Wachunguzi wa serikali walisema kuwa kinywaji hakikuwa na sumu. Lakini kutokuwa na sumu si sawa na kuponya, na baadhi ya watu walioacha dawa zao za hospitali kwa kukitegemea kikombe walidhoofika. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na foleni zilikuwa zimekwisha zamani.

Mti ulikuwa ule ule wa wachungaji, ule ule wa maabara ya Mbagathi. Haukubadilika, lililobadilika ni dai. Mzee wa zamani alisema, huu hutuliza maumivu. Mtafiti alisema, huu umepunguza madhara ya sumu fulani, kwa panya, kwa kipimo hiki. Kikombe kilisema, huu huponya yote. Jifunze, msomaji, kupambanua sauti hizi tatu, maana katika maisha yako utazisikia mara nyingi, wala si katika dawa peke yake.

Yuko pia anayesema kwamba kitu kitokacho ardhini hakiwezi kudhuru. Mwambie habari za Jamaica. Katika miaka ya 1950 madaktari wa kisiwa hicho waliona watoto wengi wenye matumbo yaliyojaa maji na maini yaliyoharibika. Walipochunguza waligundua kuwa watoto walinyweshwa chai ya majani ya mwituni, ambayo mama zao waliamini kuwa ni dawa. Majani hayo yalikuwa na sumu inayoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Upendo wa mama ulikuwa wa kweli, nayo sumu ilikuwa ya kweli.

Na kama mti hauwezi kutuponya baada ya sumu, ni nini kiwezacho kututangulia? Historia ya Kenya inajibu. Mwezi wa Novemba 2000, huko Mukuru, mashariki mwa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni pombe ya viwandani. Hapo pia ini lilitumika kwa uaminifu: liliigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, ambayo ndiyo iliyomo katika dawa ya kuhifadhia maiti, kisha ikawa asidi inayoua mshipa wa macho. Hakuna mzizi uliokuwa na nafasi ya kusaidia. Kilichoweza kuwaokoa ni kupimwa kwa kinywaji kabla hakijafika kinywani.

Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, macho yakiwa ya manjano, kwa kula mahindi yao wenyewe. Mahindi hayo yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu ikatoa sumukuvu, ambayo ini huinoa kama linavyonoa sumu nyingine. Machakos ilikuwa imekwisha kuonja msiba wa namna hiyo mwaka 1981. Sumu hii haitoki kwa kupika wala haionekani kwa macho. Kinga yake ni kuanika mahindi mpaka yakauke barabara, kuyaweka juu ya ubao badala ya sakafu, na kutupa yaliyoota kuvu hata kama njaa inauma. Mambo hayo hayana jina la fahari, wala hayauzwi katika chupa; lakini ni dawa ya ini iliyotangulia sumu.

Sisemi kwamba elimu ya wazee idharauliwe. Ilidharauliwa vya kutosha. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 iliwafanya watu wengi wamtazame mganga wa mitishamba na mchawi kama kwamba ni mtu mmoja, na maarifa mengi yakafichwa au yakapotea. Mwaka 2010 Katiba ya Kenya ilitambua mchango wa sayansi na wa ufundi wa asili katika maendeleo ya taifa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaipa tiba ya asili mahali pake chini ya usimamizi. Hiyo ndiyo njia ya haki: mzee aheshimiwe kwa kusikilizwa, na neno lake liheshimiwe kwa kupimwa. Kumdhihaki ni kosa. Kumwamini bila kupima ni kosa la pili, na aghalabu mwenye kulipa makosa yote mawili ni mgonjwa.

Na turudi sasa Olympic, kama nilivyoahidi. Upande wa magharibi umesimama msitu, wenye miti iliyokuwako kabla ya askari wa kwanza kujenga kibanda. Upande wa mashariki iko maabara, yenye mizani na panya wake. Katikati ni mtaa wako, wenye vinywaji visivyopimwa, vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja, magunia ya mahindi yasiyojulikana yalikaa wapi, na chupa za mizizi zinazoahidi makubwa. Msitu na maabara vitaendelea kusaidiana, na yamkini siku moja mmoja wenu, mliosoma ukurasa huu darasani, atatoa katika mukawa au katika mti mwingine dawa itakayolikinga ini la mwanadamu kwa hakika. Siku hiyo ikifika tutamshangilia.

Lakini hata siku hiyo amri ya wakati haitafutwa. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Panya wa maabara alipewa mlinzi kabla ya adui, naye hakuchagua. Wewe umepewa akili, nawe waweza kuchagua. Ini lako limekutumikia tangu kabla hujazaliwa, usiku na mchana, bila kulalamika hata mara moja. Usilingoje lilalamike.